Mwanamuziki Kiraka: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Ala Nyingi na Maisha ya Ziara

Kwenye soka anaitwa mchezaji kiraka: leo beki wa kushoto, kesho kiungo. Bendi nazo zina viraka wao. Ni yule anayeanza onyesho na gitaa, wimbo wa tatu yuko kwenye kinanda, wa tano kashika saksofoni, na kwenye ziara anahesabiwa kitanda kimoja na tiketi moja. Maswali ya toleo hili yametoka kwa viraka na kwa wanaotaka kuwa viraka. Tumeyafupisha.

SWALI: Napiga gitaa, huu mwaka wa nane. Naambiwa nikiongeza ala nitaitwa kwenye ziara nyingi zaidi. Nianze na ipi: besi, mandolini, fidla au kinanda? Na ala ngapi zinatosha?

JIBU: Anza na besi, hata kama wapiga gitaa wengi huidharau. Nyuzi zake nne ni E, A, D na G, majina yale yale ya nyuzi nne nene za gitaa, oktavu moja chini. Ramani unayo kichwani tayari. Kinachokukosa ni mambo mawili. La kwanza ni urefu: uzi wa besi ya kawaida ni inchi 34 kutoka nati (kile kipande kwenye mwisho wa shingo kinachobeba nyuzi) hadi daraja, wakati wa gitaa la umeme ni kama inchi 25. Freti za mwanzo ziko mbali mbali, na ukilazimisha kidole kimoja kwa kila freti, kiganja kitawaka moto kabla ya wimbo wa nne. Chini ya freti ya 5 tumia kidole cha shahada, cha kati na cha mwisho tu. Cha pete kimsindikize huyo wa mwisho. La pili ni kunyamazisha. Uzi wa besi usioguswa huunguruma wenyewe kwa sababu ya spika, na ukumbini hiyo inasikika kama tope. Gumba la mkono wa kulia lilale juu ya uzi wa E kila unapopiga nyuzi nyingine. Noti nazo zikatwe kwa makusudi. Mpiga gitaa aliyeazima besi hutambulika haraka kwa jinsi anavyoacha noti ijifie yenyewe.

Mandolini na fidla zote ni G, D, A, E. Hebu tazama gitaa lako: nyuzi nne nene ukizisoma kutoka ndani kwenda nje ni hizo hizo, G, D, A, E. Maumbo ya kodi (za muziki, si za serikali) yamepinduliwa tu, juu imekuwa chini. Kwa hiyo mandolini ya kusindikiza inashikika ndani ya miezi michache. Fidla ni hadithi nyingine. Mkono wa kushoto utafaidika na mandolini, lakini hakuna freti, na upinde unataka miaka. Usimwahidi kiongozi wa bendi fidla kwa sababu tu unaimudu mandolini.

Kinanda ndicho kinachoombwa kila mahali, na hakikwepeki ukitaka kuishi kwa kazi hii. Tahadhari moja tu: kile kitufe cha kuhamisha ki (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake). Wengi hujifunza kupiga kila wimbo kwenye C na kukiachia kitufe kazi iliyobaki. Siku utakaposahau kukirudisha sifuri, wimbo unaofuata utaingia nusu toni juu ya bendi nzima, na hutajua kosa liko wapi kwa sababu vidole vyako viko sahihi.

Kuhusu idadi, tazama waliofika mbali. David Lindley (1944–2023), aliyezunguka miaka mingi akimsindikiza Jackson Browne, alibeba fidla, gitaa la kulaza mapajani na ala nyingine chungu nzima, ila karibu zote za nyuzi. Eric Dolphy (1928–1964), mpulizaji wa jazi, alikuwa na saksofoni ya alto, filimbi na klarineti ya besi, basi. Familia moja ya ala uijue kwa undani, na ya pili uwe na ala moja ya kuaminika. Kabla hujaandika ala yoyote kwenye orodha yako, jipime: Je, unaweza kuituni kwenye kelele, kwa macho, ndani ya sekunde 20? Unaweza kubadilisha uzi wake, au ulimi wake (kile kibapa chembamba kinachotetemeka kwenye kipulizio), gizani? Unaweza kuingia wimbo uliousikia mara moja, kwenye ki usiyoipenda? Jibu likiwa hapana hata kwa moja, hiyo ala bado ni ya nyumbani.

SWALI: Napuliza saksofoni mbili, ya alto na ya tena (tenor). Bendi niliyojiunga nayo inaongozwa na mpiga gitaa, kila kitu ni E na A. Vidole vinajifunga mafundo. Pia wanataka niongeze klarineti, na kila nikiijaribu inapiga mluzi. Kosa ni langu au la ala?

JIBU: Mafundo kwanza. Alto ni ala ya E flati, hivyo unaongeza shapu 3 (noti zilizopandishwa nusu toni) kwenye ki ya bendi. Tena ni ya B flati, unaongeza 2. E ina shapu 4 tayari, kwa hiyo alto unatua kwenye C shapu yenye shapu 7, ambayo ni nafuu kuiwaza kama D flati yenye flati 5 (noti zilizoshushwa nusu toni). Tena unatua F shapu. Bendi ikiwa A, alto ni F shapu na tena ni B. Ndiyo maana bendi za gitaa zinakuelemea, na ndiyo maana bendi za pembe hupenda B flati na F: humo alto iko G na D, raha mustarehe.

Kama una hiari kwenye nyimbo za E, chukua saksofoni ya tena. Shapu 6 si pungufu sana ya 7, lakini F shapu inakaa vizuri zaidi vidoleni. Kisha usipige skeli nzima ya ki ngumu kila siku ukidhani itajilainisha. Chukua sentensi fupi ya nyimbo zenu halisi, noti sita au saba, uipitishe kwenye ki zote 12 ukishuka nusu toni nusu toni, mwendo wa mapigo 60. Dakika 10 kwa siku zinatosha.

Sasa klarineti. Kosa si lako wala si la ala, ni jiometria. Saksofoni ni bomba linalopanuka kama pembe. Ukibonyeza kitufe cha oktavu inaruka oktavu moja. Klarineti ni bomba lililonyooka, limezibwa upande wa mdomo, na kitufe cha gumba kinairusha noti 12 badala ya 8. Jaribu hivi: ziba tundu kwa vidole vitatu vya kushoto pamoja na gumba. Kwenye saksofoni vidole hivyo vitatu ni G, na kwa kitufe cha oktavu ni G ya juu. Filimbi nayo ni G. Kwenye klarineti chini ni C, na ukibonyeza kitufe cha gumba inakuwa G. Ina maana ghorofa ya juu ya klarineti inafanana na saksofoni, ya chini haifanani. Mpuliza saksofoni hujifunza ya juu haraka kisha anadhani amemaliza.

Mluzi wenyewe una vyanzo viwili. Tundu za klarineti ziko wazi, hazina vifuniko kama vya saksofoni, na kidole cha pete cha kulia ndicho huvujisha mara nyingi. Bonyeza kwa nguvu sekunde kumi, kisha tazama ngozi: kila kidole kiwe na duara kamili. Palipo na nusu duara ndipo panapovuja. Chanzo cha pili ni mdomo uliolegea. Chukua kipulizio na kile kipande kifupi kinachofuata, bila mwili wa ala, upulize kwa sauti ya kawaida na kifaa cha kutuni mbele yako. Klarineti inatakiwa kutoa F shapu halisi ya piano. Kwa alto, kipulizio peke yake ni A. Kwa tena ni G. Ukipata F au chini yake kwenye klarineti, bado unapuliza saksofoni ndani ya klarineti. Kaza pembe za mdomo, bapa kidevu, na shusha ala iwe karibu zaidi na mwili.

Filimbi, kama itafuata, ifanyie mazoezi kabla ya ala za ulimi, midomo ikiwa hai. Ulimi unaotetemeka huacha ganzi kwenye mdomo wa chini, na filimbi haitaki ganzi. Jukwaani hutachagua mpangilio, kwa hiyo ukishatulia anza kufanya mazoezi ya kubadilisha: dakika 2 saksofoni ya tena, dakika 2 filimbi, bila kupumzika. Utaichukia hiyo sehemu kwa wiki mbili hivi.

SWALI: Napiga gitaa la akustiki, mandolini na saksofoni kwenye onyesho moja. Kubadilisha kunanichukua muda, fundi sauti analalamika kwamba kila ala inapiga kishindo tofauti, na saksofoni huwa iko chini ninapoichukua. Nipange vipi?

JIBU: Hapa ndipo viraka wengi huanguka, hata wenye vidole vizuri. Piga hesabu kwanza. Mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, baa 4 za mapigo manne ni sekunde 8. Humo ndani unakata sauti, unavua, unaweka, unavaa, unafungua sauti. Ukiona kwenye karatasi ya nyimbo kwamba una baa 4 tu, fanya zoezi hilo nyumbani na saa mkononi, ukiwa umesimama, na nyaya zote zimechomekwa. Kila ala iwe na stendi yake, mkanda wake na waya wake. Mkanda mmoja unaohamishwa kutoka ala hadi ala ni kuomba ajali. Stendi za nyuzi ziwe upande mmoja na saksofoni upande wa pili, ili usizungushe shingo ya gitaa karibu na vitufe vya saksofoni. Fimbo moja iliyopinda pale na noti zote za chini zinavuja hadi mwisho wa ziara. Na zoea kukata sauti kwa mguu kabla ya kugusa waya. Ule mlipuko wa jeki iliyochomolewa ikiwa hai ndio unaowanunisha mafundi mitambo.

Kuhusu vishindo, kila ala iwe na chaneli yake. Kama chaneli ni moja, weka kisanduku cha kuongezea nguvu kwa kila ala kabla ya swichi, kisha piga kila moja kwa nguvu ya onyesho (si ile nguvu ya adabu ya wakati wa kupima mitambo) na sawazisha mpaka taa za miksa zifike mahali pamoja. Mandolini yenye pikapu ya piezo (kinasa sauti kinachosikiliza mtetemo wa mbao) ndiyo inayosumbua zaidi. Piezo inataka mlango wenye ukinzani wa omu milioni 1 au zaidi. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye mlango wa miksa wenye omu kama 10,000, besi yote inamezwa na kinachobaki ni sauti ya bati. Fundi ataongeza besi kwenye miksa, na kitakachorudi ni kuvuma. Kisanduku cha DI (cha kuunganisha ala na miksa) chenye umeme wake, au kile kinachovuta volti 48 kutoka kwenye miksa, kinamaliza tatizo. Waya wa gitaa lenye pikapu ya sumaku isiyo na betri usizidi mita 6 hivi, vinginevyo ule mng'ao wa juu unapotelea njiani. Ukisikia mgurumo wa umeme, bonyeza kitufe cha kutenga ethi kwenye DI. Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi. Wanamuziki wamekufa kwa kufanya hivyo.

Saksofoni kuwa chini ni fizikia tu. Hewa ndani ya ala ya kupuliza ikipata joto la nyuzijoto 10 za Selsiasi zaidi, sauti hupanda karibu senti 30, na nusu toni nzima ni senti 100. Ala iliyolala kwenye stendi nyimbo nne imepoa. Wakati huo nyuzi za chuma chini ya taa zimepata joto, zimelegea na kushuka. Ala zako mbili zinakimbiana. Wakati wa wimbo unaotangulia, ukipata mapigo machache ya bure, vuta ala karibu upulize hewa ya joto polepole bila kuitoa sauti, ukiwa umeziba vitufe vyote. Ulimi uvishe kofia yake, kwani mkavu hauitikii noti ya kwanza. Gitaa na mandolini zituni upya baada ya wimbo wa pili. Taa zikiwashwa nguvu zote, kilichotuniwa alasiri hakina maana tena.

SWALI: Tuna ziara ya nchi kadhaa kwa ndege. Nina gitaa, fidla na klarineti ya mpingo. Nilegeze nyuzi? Na nimesikia mbao nyingine hukamatwa mpakani.

JIBU: Gitaa lilegeze nusu toni hadi toni moja, basi. Kinachovunja gitaa ndani ya ndege mara nyingi ni kuanguka chali: sanduku linasimama ghafla, kichwa kinaendelea, na shingo inapasuka nyuma ya nati. Dawa yake ni kujaza. Weka fulana chini ya kichwa, pembeni mwake na juu, hadi ukitikisa sanduku kisicheze. Fidla usiilegeze nyuzi zote. Daraja lake na ile nguzo ndogo ya ndani vimeshikwa na mgandamizo peke yake. Nyuzi zikilegea zote, vinalala, na kuisimamisha nguzo ni kazi ya fundi mwenye chombo chake. Fidla na klarineti zisiachane nawe, ziingie juu pamoja nawe.

Ukifika, sanduku lililotoka kwenye tumbo la ndege lisifunguliwe hapo hapo. Liache chumbani saa moja au mbili, lijizoeze. Gitaa la mbao linataka unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55, kwa hiyo kipima unyevu kidogo kikae ndani ya sanduku. Klarineti ya mpingo usiipulize ikiwa baridi: ndani inapata joto na kutanuka wakati nje bado imekaza, na ufa hutokea kwenye kipande cha juu. Kiweke kwapani dakika chache kwanza. Haipendezi kutazama, lakini inasaidia.

Mpingo na jamii yake yote ya Dalbergia iliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuanzia tarehe 2 Januari 2017, na wanamuziki wakapata shida kweli. Tangu 26 Novemba 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa. Msamaha huo haugusi Dalbergia nigra ya Brazili, inayopatikana kwenye magitaa ya zamani. Hiyo iko Kiambatisho cha I tangu 1992. Pembe za ndovu na gamba la ng'amba ni hivyo hivyo, na hujificha pale usipotazama: ncha ya upinde wa fidla, kishikio chake, nati ya gitaa la babu. Kwa vitu hivyo kuna cheti maalumu cha ala ya muziki, kinachodumu hadi miaka mitatu. Usipokuwa nacho, acha ala nyumbani.

Betri za akiba za lithiamu zinakaa kwenye mzigo wa mkononi, hazipakiwi chini. Kikomo ni saa-wati 100. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege. Hesabu ni volti mara ampea-saa: betri ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni saa-wati 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, haipiti bila ruhusa.

Kama mnabeba mitambo mingi, ulizeni kuhusu karneti ya ATA, hati ya forodha ya mwaka mmoja inayowaepusha na ushuru wa kuingiza vitu kwa muda. Kosa la kawaida ni kusahau kugongewa muhuri wakati wa kutoka. Forodha huhesabu kwamba mmeuza, na ankara inakuja.

SWALI: Mikono inaniuma, na muda wa mazoezi hautoshi. Napiga kinanda, gitaa la nyuzi za nailoni na ngoma za kongas.

JIBU: Umechagua tatu zinazogombana. Gitaa la nailoni linataka kucha za kulia zizidi nyama milimita moja au mbili, kinanda hakizitaki, na kongas zinazivunja. Kata za kulia ziwe fupi na upige nailoni kwa nyama, sauti itakuwa nzito lakini ya kuaminika. Na mwombe kiongozi wa bendi asikuweke gitaa mara baada ya kongas. Kiganja kilichotoka kwenye ngozi kimevimba na kina ganzi, kodi ngumu hazitashika.

Ukiwa na dakika 90 kwa siku, toa 45 kwa ala inayokulisha, 25 kwa ile dhaifu kuliko zote, na 20 kwa kubadilisha. Ya tatu isubiri kesho. Kila dakika 25 simama 5. Uchovu wa misuli unapoa usiku. Ganzi ya vidole, mchomo wa kifundo au kidole kinachojikunja chenyewe bila kuamrishwa si uchovu; mwone daktari au mtaalamu wa viungo kabla ya ziara, si baada.

SWALI: Je, nizibe masikio jukwaani? Nikiziba najisikia niko ndani ya pipa.

JIBU: Ziba. Kipimo cha kazini kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila 3 zinazoongezeka muda unagawanywa kwa mbili. Kwenye 100, ambazo jukwaa hufika bila shida, ni dakika 15. Vizibo vya wanamuziki vinavyopunguza 15 kwa usawa vinakurudisha 85. Pipa unalosikia ni taya na pumzi yako mwenyewe, na wapulizaji ndio hulisikia zaidi. Vizibo vilivyochongwa kufuata sikio lako na kuingia ndani zaidi hulipunguza sana. Vya sponji hukata sauti za juu, ukajikuta unapiga kwa nguvu zaidi.

SWALI: Nimeitwa kama mpiga kinanda. Kwenye mazoezi wakaniongezea akodiani na besi ya nyimbo mbili, malipo yale yale. Nidai?

JIBU: Dai, na dai kabla ya kupanda basi. Kwenye okestra za maigizo nchini Marekani, mikataba ya chama cha wanamuziki inalipa nyongeza kwa kila ala ya ziada, kwa hiyo hujabuni kitu. Andika kwenye mkataba majina ya ala, si "na nyinginezo". Andika nani anamiliki akodiani, nani anailipia mzigo wa ziada na bima (bima ya nyumba mara nyingi haigusi ala inayotumika kazini), na kama siku za kusafiri bila onyesho zinalipwa. Wakigoma kuongeza ujira, omba angalau mbebaji na dakika 15 zako mwenyewe za kupima mitambo. Mwenye ala tatu hapimwi kwa dakika 5 za mwenye ala moja.